Dawa Isiyoponya: Picha za Tiba, Lugha na Haki ya Mgonjwa wa Lukenya

Utangulizi

Neno 'dawa' limebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Kidonge kinachotuliza homa ni dawa. Unga unaoua panya ni dawa. Rangi inayong'arisha viatu ni dawa. Majivu yanayonyunyizwa ghalani kuzuia wadudu wa mahindi nayo huitwa dawa. Mganga ana dawa ya mapenzi, na mwalimu ana dawa ya utoro. Wasemaji hawakanganyiki kwa sababu muktadha huwaeleza dawa hiyo ni ya nini na inamhusu nani. Hata hivyo, neno hili limeongezewa jukumu ambalo muktadha wake haujulikani kwa wasemaji walio wengi. Katika vyumba vya picha vya hospitali kubwa, aghalabu mgonjwa huambiwa kwamba atadungwa 'dawa' kabla ya kuingizwa katika mashine. Dawa hiyo haitulizi maumivu wala haipunguzi uvimbe. Kazi yake ni kusafiri mwilini huku ikitoa ishara, ili daktari aone ilikopita na ilikotua.

Makala haya yanashikilia kwamba elimu hii ya kufuatilia dawa ndani ya mwili, ambayo ni neema kubwa kwa Afrika Mashariki, haitakuwa imewafikia watu mpaka iweze kuelezwa kwa Kiswahili anachokielewa mkazi wa kawaida. Mkazi anayetumiwa hapa kuwa kielelezo ni yule wa Lukenya, katika kaunti ya Machakos. Mkazi huyo haishi mbali na mashine zinazozungumziwa, kwa kuwa barabara kuu ya Mombasa humfikisha Nairobi siku hiyo hiyo na kumrudisha kwake jioni. Kinachomtenga nazo ni maneno.

Msafiri Mwenye Taa

Wazo la kufuatilia kitu kidogo ndani ya kiumbe hai si geni. Mwaka 1923, mwanakemia George de Hevesy, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Copenhagen, alitumia madini ya risasi yenye unururifu kuchunguza jinsi mmea wa maharage unavyofyonza na kusambaza madini kutoka mizizini. Mmea haukuweza kutofautisha risasi ya kawaida na ile nururifu. Uliipokea yote na kuisafirisha kama desturi yake, naye mtafiti akaifuata kwa kupima mionzi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943. Kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo: tafuta kitu ambacho mwili unakijua, kifunge taa ndogo isiyozimika mara moja, kisha tazama kinakoelekea.

Mfano ulio maarufu zaidi hospitalini ni ule wa sukari. Wataalamu huchukua molekuli inayofanana sana na glukosi na kuifunga atomu ya florini-18, ambayo ni nururifu. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa kuliko seli jirani. Kwa hiyo sukari hiyo inapodungwa katika mshipa, hujilimbikiza penye saratani, na mashine ya PET hunasa mionzi inayotoka huko na kuigeuza kuwa picha. Mashine ya CT iliyounganishwa nayo huonyesha umbo la viungo. Daktari hupata habari mbili kwa pamoja: kiungo kiko wapi, na kinafanya nini.

Florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya takriban dakika 110. Maana yake ni kwamba haiwezi kuagizwa kutoka ng'ambo ya mbali na kuwekwa stoo kama panadoli. Lazima itengenezwe karibu na mgonjwa, kwa mtambo uitwao siklotroni. Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na mtambo huo, na wagonjwa wenye uwezo, au wale waliochangiwa na jamaa kwa harambee, walisafiri hadi India ili kupigwa picha hizo. Hali ilianza kubadilika kuelekea mwisho wa miaka ya 2010, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilipoanzisha huduma hiyo. Baadaye Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofungua milango kwa wagonjwa mwaka 2019, ikapata kituo chake chenye siklotroni na mashine za PET. Hospitali hii ya pili ni ya umma. Teknolojia iliyokuwa ya wenye pasipoti sasa iko katika njia ya mtu wa kawaida.

Kutoka Picha ya Ugonjwa Hadi Picha ya Dawa

Kuona penye ugonjwa ni hatua ya kwanza. Hatua inayofuata ni kuiona dawa yenyewe ikifanya safari. Katika matibabu ya kawaida, daktari anajua kiasi cha dawa alichompa mgonjwa, na akitaka anaweza kupima kiasi kilichomo katika damu. Asichokijua ni kiasi kilichofika penye ugonjwa. Mtu anaweza kumeza vidonge vyake vyote kwa uaminifu, damu yake ikajaa dawa, na bado kukawa na pembe ya pafu ambayo dawa haijaigusa.

Jambo hili limeonyeshwa kwa ugonjwa unaojulikana sana Kenya, yaani kifua kikuu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani waliitengeneza rifampisini, dawa ambayo ni nguzo ya tiba ya TB, kwa kutumia kaboni-11, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 20 hivi. Mwaka 2018 walichapisha utafiti kuhusu TB ya utando wa ubongo, uliofanywa hasa kwa sungura, ambao ulionyesha kwamba dawa hiyo hupenya kwa shida katika ubongo. Mwaka 2020 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 12 wa TB ya mapafu. Ilidhihirika kwamba dawa haikusambaa kwa usawa: katika kuta za mashimo yaliyochimbwa na ugonjwa, iliingia kidogo. Hapo ndipo vijidudu huweza kusalimika na kujifunza usugu.

Kwa saratani pia pamepigwa hatua. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha kazi ambayo ndani yake dawa ya trastuzumabu, inayotumika kutibu aina fulani ya saratani ya matiti, ilifungwa zikoniamu-89 na kufuatiliwa katika miili ya wagonjwa 14. Picha zilionyesha ni uvimbe upi unaoipokea dawa. Mtu hahitaji kuwa daktari ili kuona manufaa ya habari hiyo. Dawa za namna hii ni ghali, na familia nyingi huuza shamba au ng'ombe ili kuzinunua. Kujua mapema kwamba dawa haifiki inakotakiwa ni kuokoa uhai pamoja na shamba.

Ipo pia dawa yenye nyuso mbili, ambayo imetumika kwa muda mrefu zaidi. Tezi ya shingo hupenda ayodini kuliko kiungo kingine chochote. Mwaka 1941, daktari Saul Hertz wa Boston alimpa mgonjwa wa tezi ayodini nururifu kwa shabaha ya kumtibu. Leo ayodini-131, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, huharibu seli za tezi zenye ugonjwa na papo hapo hutoa mionzi inayowezesha kupigwa kwa picha. Dawa inatibu huku ikijitangaza ilipo. Wahenga waliposema dawa ya moto ni moto, hawakuwa na habari za ayodini-131, lakini usemi wao unaifaa.

Lukenya: Aliyetazamwa Bila Kuulizwa

Lukenya ni jina linalojulikana kwa wasomi wa mambo ya kale. Katika kilima chake cha miamba, kwenye eneo la uchimbuzi lililopewa alama ya GvJm-22, palipatikana kipande cha fuvu la binadamu katika uchimbuzi wa miaka ya mapema ya 1970. Mwaka 2015 kikundi cha watafiti kilichapisha uchunguzi mpya wa fuvu hilo na kulikadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 20,000. Walipolipima na kulilinganisha na mafuvu mengine, waliona kwamba umbo lake halilingani sawasawa na la Waafrika wa nyakati za karibu, dalili kwamba watu wa kale wa Afrika walitofautiana kuliko ilivyodhaniwa.

Mtu huyo wa kale alitazamwa, akapimwa na kuandikwa bila kuulizwa. Hapakuwa na namna ya kumwuliza, wala hakuna anayelaumiwa. Mkazi wa leo wa Lukenya yuko katika hali tofauti kabisa. Ana masikio ya kusikia na kinywa cha kukubali au kukataa. Sheria ya nchi inamtambua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida na hatari zake, na inasema kwamba, pale inapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria imekwisha kusema. Kinachosubiriwa ni lugha yenyewe iandaliwe.

Ni nani huyu mgonjwa? Lukenya imo katika eneo la Mavoko, ambako Ukambani hukutana na viwanda. Hapo jirani, Athi River, kuna viwanda vya saruji, kuna Tume ya Nyama ya Kenya na kuna eneo la viwanda vinavyouza bidhaa nje ya nchi. Kuna pia machimbo ya mawe. Vumbi la mawe yenye silika linajulikana kitabibu kwamba hudhoofisha mapafu na kumweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata TB. Nayo Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Vibarua wa eneo hili wametoka pande zote za nchi. Mkamba, Mluhya, Mjaluo, Mkisii na Mkikuyu wanakutana katika ploti moja na kuchota maji kwenye bomba moja. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kiingereza kiko katika vibao na katika fomu.

Na achukuliwe mfano wa kubuni. Mama mmoja mkazi wa Lukenya, mwenye mtoto anayenyonya, anaambiwa kwamba atapewa ayodini nururifu kwa ajili ya tezi. Ipo karatasi ya Kiingereza inayoeleza yote. Inasema kwamba ayodini huingia katika maziwa ya mama, kwamba kunyonyesha lazima kukomeshwe kabla ya tiba, na kwamba kwa siku kadhaa asikae karibu kwa muda mrefu na watoto wala na mwanamke mjamzito. Mama anatia sahihi. Muuguzi, aliyezongwa na foleni, anamwambia kwa ufupi, "Mama, hii ni dawa tu, usiogope." Mama haogopi. Anarudi nyumbani kwake, na nyumba hiyo ni chumba kimoja cha kupanga, ambamo wanalala watu watano. Usiku mtoto analia. Kwa kuwa alichoelezwa ni kwamba amepewa dawa, na dawa ni kitu chema, atafanya nini? Tezi ya mtoto nayo inapenda ayodini. Katika mfano huu mashine haikukosea, wala daktari hakukosea kipimo. Kilichokosa kufika ni sentensi moja ya Kiswahili, pamoja na swali moja: "Nyumbani mnalala vyumba vingapi?"

Maneno Yanayopotosha

Ugumu hautokani na ukosefu wa maneno pekee. Unatokana pia na maneno yaliyopo kufanya kazi ambayo hayakuumbiwa. Yako manne yanayostahili kutazamwa.

La kwanza ni hilo 'dawa'. Anayedungwa sukari nururifu na kuambiwa ni dawa hujihesabu kuwa amekwisha kutibiwa. Asipopata nafuu baada ya wiki mbili, hudhani dawa imeshindwa, na pengine huacha kurudi kuchukua majibu. Kwa upande wa pili, anayepewa ayodini ya kutibu anaweza kudhani ni dawa ya picha tu, akapuuza masharti yake. Neno moja limefunika vitu viwili vyenye hatari mbili zisizolingana.

La pili ni kitenzi. Katika Kiswahili mtu hupigwa picha, hupigwa eksirei, na katika mazungumzo ya mtaani nchini Kenya anayepata tiba ya mionzi husemwa kuwa 'anachomwa'. Kupigwa na kuchomwa ni vitenzi vya adhabu. Si ajabu mzee akikataa kwenda 'kuchomwa' hali angekubali kutibiwa kwa miale. Tena mtu akisikia neno 'mionzi', hatofautishi miale inayomulikwa kutoka nje, kama ya eksirei, ambayo hukoma mtambo unapozimwa, na ile inayotoka kwa dawa iliyomo ndani yake, ambayo huondoka naye hadi kwenye matatu. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa masharti yote anayopewa.

La tatu ni istilahi ya muda ambao nguvu ya kitu nururifu hupungua kwa nusu. Tafsiri ya moja kwa moja ni 'nusu maisha'. Mwanafizikia haoni tatizo. Lakini mgonjwa wa saratani akiambiwa kwamba alichodungwa kina nusu maisha ya dakika 110, kuna hatari kwamba atasikia habari za maisha yake mwenyewe. Mbele yake inafaa kusemwa, "Nguvu ya dawa hii hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kufikia kesho itakuwa imekwisha kabisa au karibu kabisa." Maelezo ni marefu kuliko istilahi, lakini yanafika.

La nne ni 'kung'aa'. Picha ya PET huonyesha mahali palipopokea sukari nyingi kwa kung'aa. Mgonjwa akisikia kwamba pafu lake linang'aa, huenda akahitimisha kwamba ana saratani. Lakini ubongo wenye afya hung'aa kwa kuwa unakula sukari daima. Kibofu hung'aa kwa sababu sukari hiyo hutoka kwa mkojo. Na kidonda cha TB nacho hung'aa kwa kuwa seli za kinga ziko kazini. Katika nchi yenye TB nyingi jambo hili si dogo. Mng'ao ni swali ambalo daktari bado hana budi kulijibu kwa vipimo vingine.

Hata maagizo ya kawaida yanategemea lugha. Mgonjwa wa PET hutakiwa kukaa bila chakula kwa saa sita hivi, kisha atulie kwa muda wa takriban saa moja baada ya kudungwa. Akiambiwa tu asile, bila kuelezwa kwamba chai yenye sukari nayo ni chakula kwa hesabu ya mashine, atakunywa kikombe chake alfajiri kabla ya kupanda matatu. Sukari ya chai itashindana na sukari ya picha. Picha itaharibika au miadi itaahirishwa, na nauli, kibarua cha siku pamoja na matumaini vitakuwa vimepotea. Mgonjwa wa kisukari anahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Hoja za Upande wa Pili

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba mambo haya. Hoja hii imejibiwa mara nyingi kwa vitendo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Maneno kama atomu, molekuli, seli na unururifu yamekuwa yakitumika kwa miaka mingi. Kasoro iliyopo ni kwamba istilahi hukaa katika rafu za maktaba huku mgonjwa akikaa katika foleni, wala hapana aliyepewa kazi ya kuvikutanisha viwili hivyo.

Wengine watasema kwamba madaktari hawana muda. Kweli, hospitali za umma zimelemewa. Lakini picha iliyoharibika kwa sababu ya kikombe cha chai nayo inakula muda, na mtambo wa thamani unakaa bure mgonjwa anaporudishwa nyumbani. Karatasi moja iliyoandikwa vyema, pamoja na sauti iliyorekodiwa kwa ajili ya wasiosoma, humpunguzia muuguzi kazi.

Wa tatu watasema kwamba mgonjwa mwenyewe hataki maelezo. Anamwamini daktari na inatosha. Imani ni kitu kizuri, lakini imani haimwelezi mama amlaze mtoto wapi. Tena utafiti ukiingia, imani pekee haitoshi hata kidogo. Siku rifampisini yenye kaboni-11 au dawa nyingine ya namna hiyo itakapofuatiliwa katika mapafu ya mchimbaji mawe wa Mavoko, mchimbaji huyo atakuwa ameombwa kuipa sayansi mwili wake kwa manufaa ya wagonjwa wa kesho, pengine bila yeye kupata nafuu yoyote ya ziada. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo limefanyiwa marekebisho mara kadhaa, limeweka ridhaa ya mshiriki kuwa miongoni mwa misingi ya utafiti wa tiba. Ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Ni sahihi tu.

Hoja ya nne ina uzito zaidi. Kwa nini Kiswahili, ilhali bibi wa Lukenya anazungumza Kikamba? Hoja hii haipaswi kupuuzwa na wapenzi wa Kiswahili. Palipo na mzee asiyekielewa Kiswahili, haki yake ni kuelezwa kwa Kikamba. Lakini maelezo ya Kikamba hayatatungwa na kila muuguzi peke yake kutoka katika Kiingereza cha fizikia. Yakiwapo maelezo ya Kiswahili yaliyo wazi na yaliyokaguliwa na wataalamu, mjukuu au muuguzi Mkamba atakuwa na mahali pa kuanzia. Lugha hizi mbili ni jamaa. Kutoka moja kwenda nyingine safari si ndefu. Kiswahili hapa ni daraja, na daraja halimzuii mtu kufika kwao.

Mapendekezo

Kwanza, watenganishwe ndugu watatu walioitwa kwa jina moja. Dawa inayofanya kazi ya kuonyesha tu iitwe 'dawa ya kuonyesha'. Inayotibu iitwe 'dawa ya kutibu'. Na ile kama ayodini-131 iitwe 'dawa ya kutibu na kuonyesha'. Kwa matumizi ya kitaaluma, kitu kinachofungwa mionzi ili kifuatiliwe kinaweza kuitwa 'kifuatilizi', neno linalotokana na kitenzi kinachojulikana na linalofuata utaratibu wa kawaida wa uundaji wa nomino za vifaa. Kitaaluma kiwe kifuatilizi. Kitandani iwe dawa ya kuonyesha. Si dhambi kitu kimoja kuwa na majina mawili, mradi kila jina lijue linasemwa wapi.

Pili, fomu za ridhaa na karatasi za maagizo ziandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mtu anayejua maisha ya chumba kimoja, badala ya kutafsiriwa neno kwa neno. Ziseme chai. Ziseme matatu. Ziseme choo cha pamoja na namna ya kukitumia kwa usalama. Zitaje saa na siku kwa hesabu ya Kiswahili, kwa kuwa 'saa mbili asubuhi' ikiandikwa kwa hesabu ya Kiingereza, mgonjwa atafika saa sita akiwa amechelewa au hatafika kabisa.

Tatu, uelewa upimwe. Mgonjwa asiulizwe, "Umeelewa?" kwa maana jibu la adabu ni ndiyo. Aombwe kueleza kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya akifika nyumbani. Atakapokwama, ndipo kasoro ya maelezo itakapojulikana, na anayepaswa kurekebishwa ni mwandishi wa maelezo.

Nne, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vichukue kazi hii. Kwa muda mrefu makongamano yamejadili istilahi kwa bidii, na mara nyingine yamemalizika kwa maazimio yasiyotoka nje ya ukumbi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina wanafunzi wa Kiswahili, na hospitali yenye jina la chuo hicho ina siklotroni. Vyuo vingine navyo vina idara za lugha na shule za tiba. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuketi na mwanafizikia wa tiba, wakaandika ukurasa mmoja, kisha akaupeleka Lukenya, Mlolongo na Athi River kuusoma mbele ya watu, akisikiliza wanapocheka na wanapokunja uso. Ukurasa huo mmoja utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko orodha ya istilahi mia tano zisizo na msemaji.

Hitimisho

Sayansi imepata njia ya kuifuata dawa ndani ya mwili wa mwanadamu, ikapita naye katika damu, pafu na tezi, hadi ikajua ilipofika na iliposhindwa kufika. Kwa nchi zetu hili ni jambo la kushukuriwa, kwa kuwa TB na saratani hazisubiri. Lakini ipo safari nyingine ambayo mashine haiipigi picha: safari ya maelezo kutoka kwa mtaalamu hadi kwa mama aliyeshika fomu mkononi. Safari hiyo nayo ina mahali pa kufika na mahali pa kupotelea. Wanaoweza kuifuatilia ni wale waliojifunza lugha, na kazi yao inaanza kwa swali dogo ambalo kila mgonjwa ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa Kiswahili kabla sindano haijamgusa: dawa hii ni ya kunitibu, au ni ya kunionyesha?